Papa anakunywa dawa za tansio za inchi tatu, tufuate munganga gani?

Mwana_wa_Kadutu (Bukavu)

Bandugu na badada, jambo kwenu bote. Naomba munisaidiye mawazo juu nyumbani tumeanza kugombana, na mie njo nabaki na papa kila siku, bengine banaongea paka ku simu. Papa yetu iko na miaka 63. Tansio yake ilionekana 2019, balimupima hapa Bukavu bakasema 17 kwa 10, bakamuandikia captopril asubui na mangaribi pamoja na kinini moja ya kukojolesha. Ikaenda vile miaka na miaka, siku zingine anakunywa, siku zingine plaketi inaisha na makuta haiko, anangojea mwisho wa mwezi.

Mwaka huu akaenda kutembelea dada yangu Kampala. Kule bakamupima, karatasi ikarudi imeandikwa 168/102, mama kuona 168 akaanza kulia, alizani ni sukari. Munganga wa kule akamukataza captopril juu ya kikohozi (ni kweli papa alikuwa anakohoa usiku, kikohozi kikavu, tangu siku mingi, sisi tulikuwa tunasema ni baridi ya Bukavu) akamupatia kinini nyeupe moja kwa siku na ingine ya kukojolesha. Yaya yangu wa Bruxelles aliposikia hivyo akasema dawa za huku kwetu haziaminike, akanunua Amlor kule Ubelgiji akamutumia na mutu alikuwa anakuya. Papa ni mutu wa roho nzuri, hapendi kumuvunja mutoto wake moyo, basi anakunywa ya Kampala, anakunywa ya Bruxelles, na captopril yenye ilibakia mu kabati pia anaimaliza juu makuta haitupwe.

Sasa ni wiki ya tatu miguu yake inavimba, viatu vya kwenda navyo ku misa haviingie tena. Mutu wa farmasi ya kartiye akatuuzia Lasix ya kutosha maji. Miguu haikushuka, na juzi usiku alishika kizunguzungu akienda choo, bahati mutoto alikuwa nyuma yake. Shangazi naye anasema ni karuho (sumu yenye batu banawekeana), juu papa alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, ku matanga mwezi uliopita.

Maulizo yangu ni mbili. Kwa nini ugonjwa moja inatunzwa namna tatu, Bukavu yake, Kampala yake, Bruxelles yake? Damu ya mutu inabadilika akivuka mpaka? Na tufuate nani?

Infirmiye_Ndosho (Goma)

Dada, pole sana kwanza. Mie ni infirmiye, nimefanya miaka 11 mu sentre de sante na habari yako naisikia karibu kila wiki, wengine ni Kigali na Goma, wengine Bunia na Kampala.

Mambo ya 168/102 na 17 kwa 10, muambie mama atulie, ni kitu kimoja. Sisi tulifundishwa na Babeleji na Bafaransa, tunahesabu kwa sentimita, Uganda wanahesabu kwa milimita kama Baingereza. 168 ni 16,8, tunasema 17 kwa kifupi. Lakini hii kitu ndogo inaleta makosa makubwa, nilishaona mutu alitoka Kampala na karatasi imeandikwa 150 akafikiri amepona juu hajuwe kuisoma.

Sasa fanya hivi kabla hata hujasoma majibu ya bengine. Chukua dawa zote zenye papa anakunywa, zote, weka pa meza. Usiangalie jina kubwa, tafuta maandishi madogo chini yake, ile njo jina ya dawa yenyewe. Ile kubwa ni jina ya kampuni na kila inchi iko na yake. Uniandikie hapa zile za maandishi madogo na namba ya milligramu.

Mama_wa_Walungu

Mutoto wangu, mie ni mutu mukubwa, sitaki kugombana na batu ba lopitali. Lakini hapa kwetu Kivu karuho iko, tumezika batu. Miguu kuvimba kisha matanga ni alama. Mumupeleke kwa wale wanajuwa kutapisha kabla haijafika ku ini. Dawa ya lopitali na karuho havipatane.

Mwana_wa_Kadutu

Aksanti mama, nakusikia, shangazi naye alisema maneno karibu sawa na yako.

Infirmiye, nimefanya vile uliniambia. Kinini nyeupe ya Kampala: amlodipine 10. Ingine ya Kampala: bendrofluazide 2,5. Ile ya Bruxelles, Amlor, chini kabisa kwa maandishi kama ya sisimizi: amlodipine 5. Captopril 25. Ile ya zamani ya kukojolesha: hydrochlorothiazide 25, papa anasema nayo anaikunywa siku moja moja. Lasix ni furosemide 40.

Amlor na ile ya Kampala ni kitu moja??? Mikono inanitetemeka.

Infirmiye_Ndosho (Goma)

Ni kitu moja. Amlor ni jina yenye amlodipine inauzwa nayo Ubelgiji na Ufaransa. Papa anakunywa 15 kwa siku, na kipimo cha mwisho ni 10. Na za kukojolesha ziko tatu.

Miguu kuvimba ni kitu chenye tunakijua sana kwa amlodipine, hata kwa 10 peke yake batu wengi wanavimba, zaidi mangaribi. Inafungua mishipa midogo, basi maji inachuruzika kidogo kidogo inashuka mu vifundo vya miguu. Si kwamba maji imezidi mu mwili muzima, njo sababu Lasix haikufanya kitu, yenyewe inamukausha tu, anasimama usiku damu haifike muzuri ku kichwa, kizunguzungu. Dawa moja ilileta shida, bakaongeza ingine juu ya ile shida, na ile nayo ikaleta yake.

Mama wa Walungu, kwa heshima yote mama. Kama mutamutapisha huyu muzee na hizi dawa tatu za kumukausha ziko mu mwili, ataanguka kabisa, figo zake zitaumia. Muache kwanza tujue hii yenye tunaona na macho.

Dada, Amlor ya kesho asubui asiikunywe, atakunywa ile ya Kampala moja tu. Lasix asiguse. Na asubui sana mumupeleke na sashe yenye dawa zote ndani, munganga aone mwenyewe. Miguu inaweza vimba pia kwa ajili ya moyo ao figo, hiyo mutu hawezi jua ku simu. Akishindwa kupumua akilala, musingoje asubui.

Katuba_Moja (Lubumbashi)

Bandugu miye niko Lubumbashi na hii neno ya kubadilisha dawa inaniuma ndani, nisikilizeni. Mama yetu alikuwa na tansio, tulikuwa tunavuka Kasumbalesa kumununulia dawa ku Zambia juu kule tulikuwa tunaipata kwa bei yetu, mpaka ukifunga ao makuta ikikosa ya safari tunanunua yenye tumekuta hapa, mwezi huu Aldomet, mwezi ule nifedipine, mwezi ingine atenolol ya nyumbani kwa jirani mwenye mume wake alikufa ikabaki. Kila mara rangi ingine. Mama akasema miye nimechoka, na tena najisikia muzuri, kichwa hainiume, akaacha yote. Hatukujua. Alikuwa anazifunga mu kitambaa anaweka chini ya godoro, tulizikuta siku ya kumupeleka.

Aliamuka asubui mukono wa kuume haipande, kinywa imepinda, anataka kutuita majina inatoka sauti tu. Anaishi, tunamushukuru Mungu, lakini yeye alikuwa anauza vitenge ku soko na leo tunamulisha na kijiko.

Sikuwa najua kama tansio haiumake. Nilikuwa naamini mutu mwenye tansio atasikia. Batu ba huku kwetu wanasema "tansio imepanda" wakati mutu amekasirika, wakisikia roho imetulia wanaacha dawa. Kama kuna mutu anasoma hapa na muzazi wake anasema anajisikia muzuri, aangalie chini ya godoro.

Dokta_Kampemba (Lubumbashi)

Infirmiye wa Goma amesema vema, sina cha kumsahihisha. Mimi nataka kujibu ile ulizo ya kwanza ya dada, kwa nini namna tatu, juu watu wengi wanafikiri munganga mmoja anadanganya, ao ile ya Wazungu njo ya kweli na yetu ni ya masikini. Haiko hivyo.

Kwanza hata mstari wa kusema huyu ni mgonjwa haufanani. Wamarekani mwaka 2017 waliushusha mpaka 130/80, yaani 13 kwa 8. Ulaya na Shirika la Afya Duniani (OMS) walibaki 140/90. Mtu wa 13,5 kwa 8,5 akiwa Chicago ana ugonjwa, akipanda ndege akashuka Bruxelles wanamwambia iko juu kidogo, tuendelee kuangalia. Damu yake haikubadilika mu ndege. Wajapani wao wanatilia mkazo kupima nyumbani asubuhi na jioni, na hapo mstari ni 135/85, kwani nyumbani mtu ametulia kuliko mbele ya koti nyeupe.

Halafu dawa. Baba yako Bukavu alipewa captopril. Si kosa, ni dawa ya zamani, inajulikana, ni rahisi, na kwetu ilijaa kwenye farmasi. Lakini inaisha haraka mwilini, inataka mara mbili ao tatu kwa siku, ukiruka ya jioni usiku mzima hauna kinga. Amlodipine inakaa zaidi ya siku moja, ukisahau masaa matano haujaharibu kitu. Kwa mtu ambaye plaketi yake inakatika mwisho wa mwezi hiyo ni tofauti kubwa sana.

Na kuna jambo la watu weusi, lisemwe waziwazi. Marekani walifanya utafiti mkubwa unaitwa ALLHAT, ulitoka 2002, watu zaidi ya 33,000, karibu theluthi yao weusi. Kwa hao weusi, waliokunywa lisinopril, ambayo ni ndugu ya captopril, walipata kiharusi zaidi kuliko waliokunywa dawa ya kukojolesha. Waingereza wakaweka kwenye kanuni zao: mzungu chini ya miaka 55 anaanza na familia ya captopril, mwenye asili ya Afrika anaanza na familia ya amlodipine. Lakini mtu mweusi wa Marekani si mtu wa Walungu, chakula si kimoja, maisha si mamoja, ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2019 ulipotoka utafiti wa CREOLE uliofanyika huku huku Afrika, watu 728 katika nchi sita, Kameruni, Kenya, Msumbiji, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Walilinganisha dawa mbili mbili. Amlodipine pamoja na ya kukojolesha, ao amlodipine pamoja na perindopril (nayo ni ya familia ya captopril), zilishusha kuliko perindopril na ya kukojolesha bila amlodipine. Tofauti ilikuwa karibu milimita 3, inaonekana ndogo, lakini kwa watu wengi kwa miaka mingi ni viharusi vingi ambavyo havitatokea.

Sasa rudi kwa baba yako. Ile ya Bukavu, captopril na ya kukojolesha, ni ule mchanganyiko wa tatu. Ile ya Kampala, amlodipine na ya kukojolesha, ni wa kwanza. Munganga wa Kampala hakuwa anadharau mwenzake wa Bukavu, alikuwa anafuata yale yaliyopatikana nchini mwake na kwa majirani. Na kikohozi alikitambua vizuri, kikohozi kikavu ni cha familia hiyo ya captopril. Kuna kingine kibaya zaidi, midomo na ulimi kuvimba ghafula, si mara nyingi, lakini watu weusi kinawapata zaidi ya wazungu. Mtu akivimba ulimi na anakunywa captopril ao enalapril ni kukimbia lopitali saa hiyo hiyo.

Lakini musichukue haya mukaenda kutupa captopril za kila mtu! Mgonjwa mwenye sukari na figo inayotoa protini kwenye mkojo, familia hiyo inamlinda, na kama kikohozi kinamsumbua kuna losartan ambayo haikohozeshi. Mwanamke mwenye mimba kinyume chake, captopril na losartan zimekatazwa kabisa, ndiyo maana Aldomet ya zamani bado tunaiandika kwenye uzazi. Kwa hiyo tofauti nyingine si ya nchi, ni ya mtu. Dada, baba yako alishapimwa creatinine, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, na mkojo hata mara moja?

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu ile nifedipine ya kupasua chini ya ulimi tansio ikipanda. Sisi tuliikuta wakubwa wetu wanaifanya na bado naiona mahali. Inashusha kwa kuangusha, ubongo na moyo vinakosa damu. Mkataeni mtu anayewafanyia hivyo.

Matonge_Bxl

Niko Bruxelles, nami nina tansio. Nataka kumutetea kidogo yule yaya wa dada, juu miye pia nilikuwa ninatumia mama dawa. Ukiwa huku mbali unajisikia hufanye kitu, unanunua dawa, roho inatulia. Munganga wangu hapa ananipatia kinini moja yenye iko na dawa tatu ndani, na sehemu kubwa ya bei inarudishwa na mutuelle (bima ya ugonjwa), basi nilifikiri mama naye apate ile ile. Ikaisha mu miezi mbili, Goma haikuonekana, akakaa bila kitu. Sasa natuma makuta ya kununua yenye iko kule kule kila mwezi na nauliza picha ya boite. Muambiye yaya yako afanye vile, bila kumugombeza.

Mwana_wa_Kadutu

Dokta, hapana, hawajamupima figo hata siku moja, tangu 2019. Kesho tunaenda. Katuba, nimeangalia chini ya godoro. Hakuna kitu, lakini nimeangalia.

Mwana_wa_Kadutu

Bandugu narudi, ni siku kumi na mbili. Nilipeleka papa na sashe yote, munganga akazipanga pa meza kama karata, akanyamaza kidogo, akamuuliza papa "muzee, nani alikuandikia hizi zote?" Papa akasema "watoto wangu". Nilikaza macho nisilie.

Balimupima baada ya kumukalisha dakika tano, miguu chini, mukono pa meza, bila kuongea (mbele banapimaka akiwa ameingia sasa hivi amepanda mulima na miguu, na mnajua kupanda Kadutu ni nini). Ilikuwa 13 kwa 8, na aliposimama ikashuka mpaka 11. Bakamutosha Amlor, Lasix, captopril na hydrochlorothiazide. Ile amlodipine 10 bakaishusha mpaka 5 kwa siku, na bakamuachia ile moja ya kukojolesha ya Kampala. Creatinine imetoka muzuri, mkojo haina protini, moyo bakausikiliza. Juzi tulirudi, 14 kwa 8 na nusu, munganga anasema tungojee wiki mbili, ikibaki juu ataongeza losartan kidogo na hatapandisha amlodipine. Miguu imeshuka. Si kabisa, mangaribi bado inaonekana alama ya soksi, lakini jumapili alivaa viatu vyake.

Kikohozi kimeanza kwisha. Miaka yote ile tulimupakaa vicks na kumufungia madirisha.

Yaya wa Bruxelles nilimupigia, nilitumia maneno ya Matonge. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza bei ya hapa ni ngapi. Tumeandika kartoni moja kwa kalamu kubwa, majina ya maandishi madogo tu, na saa, tumeibandika ku mulango wa kabati, picha iko Kampala na Bruxelles. Shangazi bado anasema karuho, lakini anasema na sauti ya chini.

Munganga amesema pia chumvi, isipite kijiko kidogo cha chai kwa siku na hesabu ile ya mu kibu na ya mu samaki. Sasa papa anauliza makayabu (samaki ya chumvi) ya jumapili na sombe, ni kuiacha kabisa kabisa? Ni chakula yake tangu utoto, sina nguvu ya kumuambia.

Infirmiye_Ndosho (Goma)

Nafurahi mupaka sijuwe niandike nini. Makayabu: loweka tangu jumamosi asubui, mwaga maji, weka ingine, mwaga tena mangaribi, usiku ibaki mu maji mupya. Chemsha, maji ya kuchemshia nayo umwage. Mu sombe usiweke chumvi wala kibu, samaki yenyewe bado iko nayo. Kipande kidogo, mara moja moja, si kila jumapili. Siku zingine sambaza mubichi ya ziwa, si ile ya kukaushwa na chumvi. Na mupime tansio jumatatu asubui yake, uniandikie.